Oliva Aliyekataa Kututia Ukungu

Niseme mapema: mimi nina upande. Anayetaka habari za Oliva Nyoni zilizopimwa kwa mizani akamuulize Fransisko. Mimi ni Lidwina, muuza maharage wa Msamala, na ninamsimulia Oliva kwa sababu hapa Songea mpaka leo wapo watu wanaosema binti yule alikuwa mkaidi, hakujua kula na kipofu. Eti kula na kipofu! Kipofu mwenyewe tulikuwa sisi, wanawake wa uwanja wa ghala, na sahani ilikuwa yetu.

Alizaliwa Ruhuwiko, kitindamimba wa mpiga tarumbeta wa bendi ya kanisa. Shule aliimaliza bila kelele, matokeo yake ya kidato cha nne hayakumpeleka popote, na mama yake akampeleka kwa Mzee Edmund, mpiga picha, akashike taa na kufagia. Studio ya Mzee Edmund ilikuwa chumba kimoja kando ya barabara, chenye pazia lililochorwa ndege ya abiria ikiwa imeteremsha ngazi. Nusu ya watu wa mji huu wameshuka kwenye ndege ile bila kupanda ndege maishani mwao. Na mimi nimo.

Sasa, watu wa kwetu na picha wana sheria zao. Kila aliyesimama lazima aonekane, tena kuanzia nywele hadi viatu. Picha isiyo na viatu ilirudishwa. Katika picha ya kipaimara awepo mtoto, msimamizi wake, keki, redio, na vitambaa vya makochi vilivyofumwa na mama mwenye nyumba, na vyote vionekane waziwazi. Oliva alijifunza sheria hiyo kwa kuungua. Siku moja Mzee Edmund alikuwa mgonjwa, akamtuma kwenye harusi huko Mfaranyaki. Binti akaona bibi harusi amependeza mno, akamvuta kwa lenzi mpaka yeye peke yake akawa safi na walio nyuma yake wakawa ukungu mtupu. Picha ilipotoka, mama wa bwana harusi alikuja studio akiwa ameishika kwa ncha za vidole. "Umewatia ukungu ndugu zangu," alisema. "Wamefunga safari kutoka Mbinga, wewe unawafanya moshi? Ukoo mzima umekuwa moshi?"

Oliva alikwenda kuomba radhi nyumbani kwa watu hao, yeye na mama yake, na jogoo mkononi. Baadaye aliniambia kwamba siku ile ndipo alipoelewa kuwa ukungu katika picha si urembo peke yake. Unamwambia mtu: wewe huna maana hapa.

Kisha soko huria likatufikia. Zikaja kamera ndogo za kila mtu, zikaja maabara za rangi zinazosafisha filamu ukiwa unasubiri, na pazia la ndege likaanza kula vumbi. Mzee Edmund hakuwa mtu wa kukaa na kulia. Padri mmoja aliyekuwa anarudi kwao alimwachia kompyuta iliyotumika, na mzee akaiweka pale pale palipokuwa na kiti cha wateja. Yeye aliiogopa. Oliva ndiye aliyekaa nayo. Alianza na kanda za harusi, akiandika majina ya maharusi yanayozunguka na njiwa wanaotua juu yake. Akapata santuri ya programu ya kuchora nyumba, akaivaa kama kanga. Kufikia mwaka 2003, ukimpa ramani ya nyumba ambayo hata msingi haujachimbwa, alikutolea picha yake imesimama, ina madirisha, ina kivuli, mpaka unatamani kubisha hodi.

Nisogee kwenye uwanja wetu. Pale Msamala palikuwa na ghala la chama chetu cha ushirika, chama kidogo cha wakulima wa hapa na wa Namtumbo. Zamani tumbaku na mahindi yalijaa mpaka barazani. Wanunuzi binafsi walipoanza kumfuata mkulima shambani kwake, chama kikapauka, ghala likafungwa, magugu yakamea uwanja mzima. Sisi wanawake ndio tuliong'oa yale magugu, kwa majembe yetu, tukatandika magunia, tukaanza kuuza. Mimi maharage ya Mbinga, Benigna dagaa wa Nyasa, na wengine mboga, ndizi, vyungu. Hakuna aliyetukaribisha na hakuna aliyetufukuza. Watoto wangu wamesoma kwa uwanja ule. Sina kingine.

Ndipo akaja Fransisko. Alikuwa mfanyabiashara wa mjini hapa hapa, mwenye duka la vifaa vya ujenzi na nyumba za kupangisha, pamoja na kile chumba cha studio ya Mzee Edmund. Alitaka kukodi ghala na uwanja kwa miaka mingi, avunje, ajenge jumba la maduka la ghorofa. Uamuzi ulikuwa wa wanachama: wangekutana, wanyooshe mikono, basi. Na Fransisko alijua wanachama wale ni waume zetu, kaka zetu na wajomba zetu, na kwamba swali lao la kwanza lingekuwa, akina mama je? Kwa hiyo alituita yeye mwenyewe, akatuambia tusiwe na hofu, tutakuwa mbele kabisa, hata kwenye picha ya jengo tutawekwa sisi.

Basi siku ya kupigwa picha tulivaa. Usinicheke. Benigna alivaa kitenge alichokinunua kwa ajili ya kipaimara cha mwanawe, kikiwa bado na gundi ya dukani. Mimi nilisuka nywele. Tuliketi nyuma ya biashara zetu, migongo imenyooka, nyuso za kanisani, miguu tumeitoa mbele ili viatu vionekane. Oliva alimpiga picha kila mmoja peke yake, kwa sababu, alisema, angetukata mmoja mmoja na kutubandika kwenye mchoro wake.

Baada ya majuma kadhaa Fransisko alibandika karatasi kwenye mlango wa ghala. Tukaenda mbio. Jumba lilikuwa limesimama pale, jeupe, la vioo, kila herufi ya bango lake ikisomeka. Na chini, mbele kabisa kama tulivyoahidiwa, yalikuwepo mabaka ya rangi. Nilijitambua kwa debe la maharage. Benigna hakujitambua kabisa mpaka nilipomwonyesha rangi ya kitenge.

"Hata picha ya marehemu haiwi hivi," Benigna alisema, na machozi yakamtoka. Mimi machozi hayakunitoka. Nilipandwa na hasira, nikachomoa karatasi ile mlangoni, nikaenda nayo studio.

"Oliva, umenifanya mzimu!"

"Shikamoo, mama Careen."

"Sitaki shikamoo yako. Huyu ni nani? Huyu ni mimi?"

Hakujitetea. Alinivutia kiti. "Mama Careen, nyoosha kidole mbele ya jicho," akasema. "Karibu hivi. Sasa tazama Matogoro kupitia dirishani. Kidole kimekuwaje?"

"Kimekuwa ukungu."

"Kitazame kidole sasa. Mlima je?"

Mlima ukawa ukungu. Nilikuwa na miaka mingi duniani na vidole vyangu vyote, sikuwahi kuliona jambo hilo.

"Jicho haliwezi kuvishika vyote viwili," alisema. "Kompyuta inaweza, yenyewe huchora vyote safi. Ukungu unautia wewe mwisho, ukitaka mtu atazame hapa asitazame pale. Mzee Fransisko alitaka watu watazame jumba. Tangu jaribio la kwanza aliniambia niwatie ninyi ukungu, nami nikawatia. Nilijua mtaumia. Nilijiambia ni kazi ya watu."

Akanionyesha anavyofanya. Kompyuta huchora lile jengo ukuta kwa ukuta, kazi wanayoiita kurenda, na kwa umeme wetu wa mitambo ya dizeli wa siku zile, picha ikifika nusu umeme ulikatika akaanza upya. Ikiisha anapata picha mbili. Moja ya rangi, ya mteja. Ya pili ni ya kijivu tu, kilicho karibu kimekuwa cheupe na cha mbali kimekuwa cheusi. Hiyo ndiyo inayoiambia kompyuta kitu gani kiko umbali gani. Sisi wa kubandikwa alikuwa ametupaka kijivu chetu kwa mkono. Halafu anapanga tabaka: anga, jengo, uwanja, watu. Mwisho anachagua jicho litue wapi, na kila kilicho mbele au nyuma ya hapo kinaingia ukungu kwa kadiri ya umbali wake.

"Basi tuweke jicho sisi," nikasema. "Hata mara moja tu. Nijione."

Akabonyeza. Tukakaa tukisubiri, kompyuta inanguruma kama mashine ya kusaga. Nikajitokeza. Mungu wangu, nilikuwa nimependeza! Punje za maharage unaweza kuzihesabu. Maua ya kitenge cha Benigna, hata kamba ya kiatu chake. Nilikuwa naanza kucheka nikaona Oliva ameinama, amekaribia kioo cha kompyuta, na mkono umemganda kwenye kipanya.

"Nini?"

"Mama Careen, mmekaa wapi hapa?"

Nikatazama. Chini ya magunia yetu palikuwa na mistari myeupe. Mimi nilikuwa katikati ya mistari miwili, Benigna katikati ya mingine, na upande wa kushoto palikuwa na mchoro wa tairi.

"Paking," Oliva alisema taratibu. "Hii ni paking ya magari. Mistari niliichora mimi, kutoka kwenye ramani yake. Ninyi niliwabandika mimi, siku nyingine, tabaka jingine. Sijawahi kuwaona pamoja. Ukungu ulikuwepo kila mara."

Akafungua ramani mezani, akaitafuta sehemu yetu kwa kidole, kurasa zote. Hapakuwa na banda, hapakuwa na meza, hapakuwa na kipande cha paa. Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Huyu alituambia tuvae vizuri.

Tulikwenda dukani kwa Fransisko, mimi na yeye, mchana ule ule. Alikuwa amekaa nyuma ya mabati, anakunywa chai. Oliva alimwamkia kwa heshima, akamuuliza akina mama wamewekwa wapi kwenye ramani, ili awachoree mabanda yao.

"Mambo hayo yatakuja mbele ya safari," Fransisko alisema. "Akina mama ni pambo la picha, binti. Habari ni jengo."

"Mzee, lakini wanachama wataona wamo, kumbe hawamo."

"Wewe ni fundi picha au diwani? Picha uliyonipa ni nzuri. Ikuze, iwe ubao mzima, uilete mkutanoni. Na umkumbushe Edmund kile chumba ni cha nani."

Mimi nilitaka kumwagia chai yake. Oliva alinishika mkono, tukatoka. Njiani alitembea mbele yangu kwa hatua ndefu mpaka nikawa namkimbilia.

Mzee Edmund alipoambiwa alikaa chini. Alikuwa mtu mwema na mwoga, na uzee ulikuwa umemwongezea yote mawili. "Mwanangu," alisema, "ni ukungu tu. Si damu. Tia ukungu, tukae na chumba chetu."

"Baba, nilishawatia watu ukungu bila kujua, nikabeba jogoo kuomba radhi," Oliva alijibu. "Hawa nikiwatia kwa kujua, nitabeba nini? Siwatii. Nikifukuzwa nifukuzwe."

Mzee akainuka, akaanza kulikunja lile pazia la ndege, polepole, kama mtu anayejua atahama. Hakumkataza tena.

Ubao ulitengenezwa pale pale studio. Mji haukuwa na printa ya picha kubwa, kwa hiyo Oliva aliitoa vipande vipande kwenye karatasi za kawaida, na mimi na Benigna tukazibandika kwenye ubao wa dari kwa uji mzito wa muhogo. Fransisko hakuomba kuikagua. Alishaiona ile ndogo, akaridhika, akadhani kubwa ni ile ile iliyonenepa.

Mkutano ulifanyika uwanjani kwetu, katika baridi ya Julai iliyofanya wanachama waje na makoti. Mwenyekiti alikuwa Mzee Majaliwa wa Namtumbo, mkulima wa tumbaku, Mwislamu mpole ambaye hafungui mkutano bila bismillahi wala haufungi bila kumpa kila mtu nafasi ya kusema. Fransisko alisimama akazungumza vizuri. Maendeleo, ajira, mji wetu usiachwe nyuma. Watu wakapiga makofi, na mimi moyo ukawa unanidunda, maana mikono ilikuwa imekaa tayari kunyooka. Halafu akasema, "Na akina mama zetu, mtawaona wenyewe, wako mbele kabisa." Akavuta kanga iliyofunika ubao.

Kwanza walicheka, kicheko cha kutambua watu. "Lidwina huyo! Benigna! Tazama dagaa!" Wakasogea, wakatuonyesha kwa vidole, wakasifu vitenge. Kila mmoja wetu alikuwa safi kuanzia nywele hadi viatu, kama sheria ya picha inavyotaka. Nyuma yetu palikuwa na kitu cheupe kikubwa, hakina mlango wala dirisha, kama Matogoro nilipokuwa nakitazama kidole changu.

Uso wa Fransisko ulibadilika. "Picha imeharibika," alisema. "Huyu binti ameharibu kazi. Jengo halionekani!"

Mzee Majaliwa alikuwa amesogea karibu zaidi ya wote, miwani imeshuka puani. Hakuwa anatazama jengo. "Samahani," alisema. "Mbona mama zangu hawa wamekaa kwenye mistari? Hii mistari ni ya nini?"

Mzee Majaliwa akageuka, akamtafuta Oliva kwa macho. "Fundi nani? Njoo utueleze, mwanangu."

Oliva alisimama. Alikuwa amevaa sweta la shule la zamani, mikono ameifunga kifuani, na sauti yake haikutetemeka. Yangu ingetetemeka.

"Ni ya magari, mzee. Ni paking. Kila mstari hapo umetoka kwenye ramani ya Mzee Fransisko. Mabanda ya akina mama sikuyachora kwa sababu kwenye ramani hayamo."

"Mwongo!" Fransisko alisema. "Nilimwagiza jengo lionekane. Nilimwagiza hawa awatie ukungu!"

Alilisema mwenyewe, mbele ya watu wote. Nadhani alikuwa bado anafikiri ukungu ni jambo la mafundi. Lakini watu wa kwetu wanajua kumtia mtu ukungu ni nini. Kaka yangu mmoja, aliyekuwa amepiga makofi kuliko wote, akavua kofia.

"Uliniagiza," Oliva alisema, "nami nimekataa. Ramani uliyonipa ninayo hapa. Ifungue, mzee, uwaonyeshe wanachama nilichoongeza. Au waonyeshe mahali ulipowaweka mama zao. Nitakaa nichore sasa hivi, kadiri umeme utakavyoniruhusu."

Akamnyooshea ramani. Fransisko hakuipokea. Mkono wa Oliva ulibaki umenyooka hivyo hivyo, mbele ya umati, mpaka Mzee Majaliwa akaichukua yeye, akaikunjua juu ya gunia langu la maharage, na wazee wakainama juu yake. Waliitafuta sehemu yetu kama tulivyoitafuta sisi. Walipoinuka, Mzee Majaliwa alisema mkutano hauwezi kunyoosha mikono juu ya ramani isiyo na wenyewe. Mwekezaji aende, akaweke mabanda, kisha arudi, atasikilizwa, inshallah.

Hakurudi. Alijenga kwingine, na anafanya biashara yake, sina neno. Alichofanya siku ya pili yake ni kuwatoa Mzee Edmund na Oliva kwenye chumba, vitu vyote barabarani, kompyuta juu ya kiti na lile pazia limekunjwa pembeni. Wapo waliopita wakatikisa vichwa na kusema, si mnaona ukaidi? Sisi tulikwenda na magunia yetu matupu tukabeba. Wanachama waliwafungulia chumba cha mizani cha ghala, chumba chenye popo na harufu ya tumbaku ya miaka ya nyuma, tukakideki, na Oliva akaweka meza yake mahali palipokuwa na mizani. Mzee Edmund alilining'iniza pazia lake ukutani, akafanya kazi chini yake mpaka alipofariki.

Oliva yupo hapo mpaka leo. Ni mkali kuliko zamani. Bwana mmoja alimletea picha ya familia, akataka mke wa kwanza aingizwe ukungu kidogo, kidogo tu. Alitolewa nje na picha yake, na tulimsikia Oliva mpaka kwenye magunia. Waume wa mji huu wanamwogopa, na mimi naona wafanye hivyo.

Ule ubao uko sebuleni kwangu. Uji wa muhogo umeshikilia vizuri, isipokuwa pembe moja iliyoliwa na mende. Wageni wakiingia huniona kwanza mimi, kisha Benigna na dagaa wake, kisha huuliza ule ukungu mweupe nyuma yetu ni nini. Nawaambia, hilo ni jumba la Fransisko.